Vidonge Vitano

Umeingia tena na vumbi la mninga kwenye kope,
Mwinshehe, fundi vitanda wa Keko,
umeweka elfu moja juu ya kioo
ukasema kama mtu anayenunua vocha:
"Dokta, nipe vitano."

Mimi si dokta. Nimekwambia mara ngapi?
Mimi ni mfamasia, na nyuma yako kuna foleni.
Lakini kaa. Hiyo stuli uliitengeneza mwenyewe,
mguu mmoja mfupi,
ukaapa kwamba sakafu yangu ndiyo iliyopinda.

Lete mkono. Usiongee. Usikunje ngumi.
Mpira unajaa, unabana,
kisha unatoa pumzi polepole
kama mtu anayekiri kosa.
Mia moja sabini na nane.
Chini, mia na nne.
Nimezisoma kimoyomoyo kwanza.
Ziko namba hazitamkwi mbele za watu.

"Mbona kichwa hakiumi? Mimi nimepona."

Presha haina kelele za randa, fundi.
Ni mchwa. Na mchwa unamjua kuliko mimi:
kitanda kimesimama, vanishi inang'aa,
bwana harusi anakaa ukingoni avue viatu…
Umecheka.
Halafu umeacha kucheka.

Nimefungua daftari.
Januari, thelathini. Februari, thelathini.
Machi, kumi; ulisema ada ya Mwanaidi.
Aprili mvua, mbao zimelowa, hakuna kitu.
Mei: vitano. Vitano. Vitano.
Kama unalipa deni la mtu mwingine
na huyo mtu humpendi.

Sikugombezi. Hata mimi bosi wangu ana daftari,
na ndani yake mimi ndiye Mwinshehe.
Nimeuliza tu, basi, ili mkono wako utulie:
na goti lile?

Ukachomoa mfukoni kipande cha gazeti,
ndani yake vidonge, vingi, havina jina.
"Hivi vya goti. Viwili asubuhi, viwili usiku.
Nanunua pale kwenye kona, tangu Machi.
Si vya presha, dokta, usihofu."

Nikahofu.
Watu wawili wanausukuma mlango mmoja,
huyu yuko ndani, yule yuko nje,
kila mmoja kwa nguvu zake zote,
na mlango wenyewe ni wewe.

Sikuvitupa mbele yako, ni jasho lako.
Nimevifunga vilevile na gazeti lake,
nimeandika mistari mitatu kwa daktari wa Temeke:
namba hizi, goti hili, vidonge hivi.
Uende kesho, si siku ukipata nafasi.

Na hivi chukua thelathini.
Vitano umelipa. Ishirini na tano
utalipa kwa kuinyoosha hiyo stuli:
uunge mguu mmoja au ukate mitatu,
hayo mimi siyajui, mimi ni mtu wa vidonge.
Kimoja, kila siku, ukinywa chai.
Si ukiumwa. Ukinywa chai.
Penseli hujawahi kuisahau sikioni;
basi kila ukimeza, chora mstari.

*

Julai. Jua la saa nne liko mlangoni.
Umeingia na kipande cha ubao kwapani,
umekilaza juu ya kioo bila neno.
Nikahesabu. Mistari ishirini na sita.
"Hiyo minne nilikuwa msibani Kisarawe,
dawa niliiacha huku. Usiniseme."

Goti wanalichua pale hospitali, unasema,
unachechemea kidogo, kwa makusudi, nikuonee huruma.

Mkono. Usiongee.
Mia moja arobaini na nne, tisini na moja.
Safari hii nimezitaja kwa sauti
hadi mama wa foleni akanyanyua shingo.
"Bado," nikasema.

Ukainuka, ukaisukuma stuli kwa kidole,
ikayumba kidogo, siyo kama zamani.
Ukafumba jicho moja, ukaikagua miguu.
"Bado," ukasema.